Maswali ya Wasomaji: Hizi mita 60 tunaanza kuzihesabu wapi?

Mwezi huu meseji zilizoingia nyingi zimetoka kanda ya ziwa, na karibu zote zinalia kilio kimoja, kwamba tumeambiwa tulinde mwambao lakini hakuna aliyekaa na sisi akatuuliza hapo mwambaoni tunaishi vipi. Mimi kabla sijastaafu nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria miaka mingi, hili jambo liko moyoni kabisa, ndiyo maana nimemwomba mhariri aniachie kurasa zote za safu. Nimejibu matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yote yanarudi palepale.

Shikamoo mama. Mimi nalima bustani kando ya ziwa huku Bunda, mchicha, nyanya na vitunguu, namwagilia kwa ndoo. Mwaka huu viongozi wa kijiji wametangaza kwamba ndani ya mita 60 hakuna kulima, eti sheria imeshapitishwa. Bustani yangu yote imo humo humo. Hizo mita 60 zinaanzia wapi maana maji yenyewe yanapanda na kushuka? Na watoto nitawalisha nini? – Mama wa watoto wanne, Bunda

Marahaba mwanangu. Nianze na lile gumu ili tusidanganyane: hizo mita 60 viongozi wako hawajazitunga. Zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Na ni nchi nzima, siyo Bunda peke yake. Wenzetu Uganda kwenye maziwa yao makubwa wameweka mita 200, kwa hiyo sisi bado tuna unafuu.

Sasa swali lako la zinaanzia wapi, hilo ndilo swali la maana kuliko yote na nashangaa ni watu wachache sana wanaliuliza. Wewe mwenyewe unakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyopanda, likafika kimo ambacho watu hawakukiona tangu 1964, vibanda vya mialoni, kule mitumbwi inakotia nanga, vikazama, vyoo vikajaa maji, watu wakahamia kwa ndugu zao huko juu. Ukipima mita 60 kutoka maji yalipo wakati wa kiangazi, ziwa likipanda tena mstari wako wote uko chini ya maji na umepoteza muda. Mimi ushauri wangu siku zote ni kupima kutoka pale maji yalipofika juu kabisa, na hapo pa juu kabisa wanapajua wazee wa kijiji kuliko mtu yeyote mwenye GPS.

Nikupe mfano. Kijiji kimoja cha Sengerema tulikuwa tumefanya mikutano mitatu na watu wamekaa kimya, wanaitikia tu ndiyo ndiyo, mkutano ukiisha kila mtu anarudi kulima palepale. Nikaona hapa tunaandika mpango wa kwenye karatasi. Tukanunua kamba ya manila ya mita 60, tukaifunga fundo kila baada ya mita 10, alafu siku ya nne badala ya kukaa chini ya mwembe tukatembea. Walikuwepo mabalozi wa nyumba kumi, kina mama wa bustani, vijana wa mitumbwi, wafugaji wawili na wazee wawili. Mzee mmoja akatupeleka kwenye mti mmoja ukingoni, akaweka kiganja kwenye shina, palikuwa na alama ya tope lililokauka juu kidogo ya goti lake, akasema maji yaliishia hapa. Tukashika mwanzo wa kamba pale kwenye alama, kijana mwingine akaivuta kwenda juu, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Fundo la nne likaangukia katikati ya matuta ya nyanya ya mama mmoja, la tano kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, la sita kwenye choo cha mtu. Hapo ndipo watu walipoanza kuongea jamani! Mama akasema hayo matuta mimi ndiyo ada ya shule. Wenye vichanja wakasema dagaa tukiwapeleka mbali na maji ni gharama ya kubeba. Mwenye choo akasema nipeni muda nichimbe kingine. Yaani mpango wa kijiji ulizaliwa pale kwenye kamba, ndani ya saa mbili, wakati mikutano mitatu ilizaa posho na soda tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakuomba wewe na wenzako mwende kwa mwenyekiti wa kijiji mkaombe mtembee. Ombeni kwa heshima, msiende na kelele.

Jambo la pili, hiyo "sheria imepitishwa", ulizia muhtasari wa kikao. Sheria ndogo ya kijiji inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, inapelekwa mkutano mkuu ambao ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu, alafu inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Na mpango wa matumizi ya ardhi vilevile, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, mkutano mkuu lazima uukubali. Kama hamjawahi kukaa mkutano mkuu mkaijadili basi hiyo sheria ndogo bado haijakamilika. Ila usije ukaelewa vibaya, hata ikiwa haijakamilika, ile ya mwaka 2004 ya nchi ipo palepale. Faida ya kuijadili ni kwamba kwenye mpango wenu ndimo mnamoweza kuandika nani anahamia wapi, lini, na kwa msaada gani, na hayo ndiyo sheria kubwa haikuandikia.

Na watoto watakula nini. Mwanangu hili nalichukulia kwa uzito wote, maana nimeshaona mipango inapita juu ya migongo ya kina mama wasio na pa kwenda. Vitu ambavyo nimeona vinafanya kazi ni hivi: kijiji kitenge eneo la bustani juu ya mstari, kikundi kiwe na pampu moja ya kuchangia badala ya kila mtu na ndoo yake, na mpewe msimu mmoja wa kuvuna kilichopo kabla ya kuhama. Ule ukanda wa chini mnaotoka msiuache wazi, pandeni mabingobingo, mizizi yake inashika udongo, na majani mnakata mnawauzia wenye ng'ombe, hiyo ni hela. Mafunjo na matete yaliyobaki muyaache kabisa yarudi yenyewe, yanarudi haraka kuliko unavyofikiri.

Kwa nini tunasumbuka hivi kwa ajili ya majani? Siku mvua kubwa ikinyesha nenda kasimame ukingoni. Pale penye mafunjo maji yanatoka taratibu, yana rangi kama chai ya rangi. Pale palipofyekwa utaona ulimi wa tope jekundu unaingia ziwani mpaka mbali, na lile tope limebeba mbolea yako uliyoinunua kwa hela yako. Mbolea hiyo ndiyo inayoyafanya maji yawe ya kijani na kunuka. Ziwa Viktoria ni kubwa kweli, kilomita za mraba kama 68,800, lakini ni kama sinia, kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, kwa hiyo uchafu wa pembeni haupotei, unakaa humo humo. Na watoto wa samaki wanajificha kwenye hayo hayo majani unayoyafyeka.

Habari mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, nimechaguliwa kwenye BMU ya mwalo wetu. Tatizo kuna ndugu wa kiongozi mmoja anavuta kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, usiku na wote tunajua. Nikiongea naambiwa kijana tulia. Hivi BMU ina nguvu gani kweli au ni jina tu? – Mvuvi, Ukerewe

Mdogo wangu pole na hongera kwa pamoja. BMU siyo jina tu, hivi vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi vinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003, lakini pia siyo polisi, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia. Usiende usiku peke yako kumkamata mtu mwenye kokoro. Wale wanakuwa kumi na zaidi, wana kamba na makasia, na wewe una mama nyumbani.

Fanyeni hivi. Kwanza taarifa iwe ya maandishi, isainiwe na zaidi ya mmoja, iende kwa afisa uvuvi na nakala kwa mtendaji wa kata, maneno ya mdomo yanazimwa na undugu lakini karatasi yenye mhuri wa kupokelewa inabaki. Na hakikisheni BMU yenu ina watu wote wa mwaloni ndani, wenye mitumbwi, wavuvi wa kazi, wachuuzi na kina mama wa dagaa. Ikijaa wenye mitumbwi watupu, basi wenye makokoro ndio wanaojilinda wenyewe.

Alafu, na hili ndilo ninalotaka uliweke kichwani zaidi, acheni kuanza na mtu, anzeni na eneo. Kila mwalo una sehemu ya mazalia na wavuvi wote mnaijua. Asubuhi maji yakiwa yametulia nenda na mtumbwi kwenye kina cha kiuno pale penye mchanga, uangalie chini. Utaona mashimo ya duara yamepangwa kama sahani mezani. Yale ni ya sato dume, anachimba kwa mdomo na kufagia kwa mkia, jike anakuja kutaga hapo alafu anayachukua mayai na kuyabeba mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea, na hata baada ya hapo wakiona hatari wanakimbilia mdomoni kwa mama yao. Sasa fikiria kokoro linavyopita hapo linakwangua chini lote, mashimo, mayai, mama na watoto kwa mvuto mmoja. Wapeleke wazee wa mwalo wakayaone hayo mashimo kwa macho yao, kabla hamjazungumza chochote kuhusu nani anavua nini.

Mkishakubaliana eneo, liwekeni maboya, madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi na kufungwa jiwe yanatosha, na liandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa BMU na kwenye mpango wa kijiji, kote kuwili. Huyo ndugu wa kiongozi akiingia ndani ya maboya hatakuwa anagombana na wewe tena, atakuwa amevuka mstari ambao mwalo mzima umeutia saini. Na hao vijana wanaomvutia kokoro usiwafanye maadui, wengi wanalipwa samaki wachache kwa usiku mzima, ongea nao, kuna wanaotafuta pa kutokea.

Salamu sana kutoka Homa Bay. Sisi kama kikundi cha vijana tumekuwa tukitoa gugumaji kwa mikono kila Jumamosi lakini baada ya wiki mbili linarudi tele, watu wameanza kukata tamaa. Tunakosea wapi? – Kikundi cha vijana, Homa Bay

Salamu zenu nimezipokea na kazi yenu naiheshimu. Kitu cha kwanza, mkishalitoa mnaliweka wapi? Maana vikundi vingi nimeona vinalirundika palepale ukingoni, mvua ikija linaoza na kurudisha ziwani chakula chote lilichokuwa limekula, na mengine yanaota upya. Libebeni mpaka juu ya mstari wa maji makubwa, mlianike likauke kabisa, ndipo mfanye mboji au mlichome.

Pia mjue mnapambana na nini. Hili gugu asili yake ni Amerika ya Kusini, kwetu ziwani lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na likipata maji yenye mbolea nyingi linaweza kuongezeka mara mbili kwa wiki mbili au chini ya hapo, ndiyo hizo wiki mbili zenu. Mbegu zake zinakaa kwenye tope hai miaka mingi. Miaka ya 1990 waliletwa mbawakawa wadogo wanaokula majani yake na wakasaidia sana kulipunguza, lakini chakula cha gugu kilibaki, maji ya mitaro ya mjini, vyoo, udongo wa mashambani, na kile chakula kikiwepo litarudi tu hata mtoe kila siku.

Kwa hiyo ile Jumamosi yenu moja igaweni. Jumamosi moja ya gugu, Jumamosi inayofuata fuateni mtaro mmoja unaoingia kwenye ghuba yenu, mtembee nao kwenda juu mpaka mjue unaanzia wapi na nani anamwaga nini, mpige picha, muandike, mpeleke kwenye baraza la chifu. Lingine ni upepo. Gugu linasafiri na upepo, leo liko kwenu kesho liko ghuba ya jirani, kwa hiyo mpango wa ufuo mmoja hautoshi, itisheni kikao na fuo za jirani mpange siku moja ya kutoa kwa pamoja. Na jamani vaeni mabuti, humo ndani kuna konokono wa kichocho na nyoka wanajificha.

Mama shikamoo. Sisi huku Kigoma mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, tukavumilia. Sasa tena tunaambiwa tupange na mashamba ya milimani. Samaki na milima vinahusiana nini? – Muuza migebuka, Kigoma

Marahaba. Vinahusiana sana. Kule kufunga kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti kulikuwa ni kumpa samaki nafasi ya kupumzika na kuzaa, lakini hakukuzuia udongo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita karibu 1,470, la pili duniani, mtu anaona hilo linameza kila kitu. Kumbe huko chini ya kama mita 200 hakuna hewa, samaki hawaishi, uhai wote uko kwenye tabaka la juu na pembeni kwenye mawe. Milima yenu imeinamia ziwa moja kwa moja, mkikata miti na kulima kwa kushuka mlima udongo unafika majini siku hiyo hiyo, unafunika yale mawe ambayo samaki wadogo wanakula na kujificha. Limeni kwa kukinga mteremko, wekeni makinga maji, na kingo za vijito msiziguse. Aliyepanga hivyo na nyie amefikiri vizuri, muulizeni tu mbegu za miche zinatoka wapi na nani analipia.

Mama za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Musoma, sasa naishi Minnesota huku Marekani, kuna maziwa zaidi ya elfu kumi na watu wa ziwa moja wanakuwa na chama chao kabisa. Wana vifaa vingi. Kuna kitu cha huku ambacho kinaweza kusaidia nyumbani bila hela nyingi? – Mwana wa Musoma

Nzuri kijana wangu, asante kwa kukumbuka nyumbani. Kipo, na nakipenda kwa sababu ni rahisi kupita kiasi. Huko uliko tangu mwaka 1973 kuna mpango ambao raia wa kawaida wanapima wenyewe uangavu wa maji ya ziwa lao kwa sahani inayoitwa ya Secchi, jina la padri wa Italia aliyeianza mwaka 1865. Ni sahani unaishusha majini kwa kamba, pale inapopotea machoni unaandika kina chake. Ikipotea kwa kina kifupi kila mwaka, ziwa lenu linachafuka, na huhitaji maabara kukwambia.

Nyumbani tunaweza kuitengeneza kwa kifuniko cha ndoo kubwa. Kigawanye robo nne, mbili zinazotazamana paka nyeusi, mbili nyeupe, toboa katikati, pitisha kamba, chini funga jiwe ili kizame kikiwa kimelala sawasawa. Tia alama kwenye kamba kila nusu mita. Anayepima aende na mtumbwi sehemu ileile kila mwezi, mchana jua likiwa juu, saa nne mpaka saa tisa hivi, apimie upande wa mtumbwi wenye kivuli, ashushe mpaka isionekane, apandishe kidogo mpaka ionekane, achukue katikati ya hivyo viwili. Aandike kwenye daftari la BMU tarehe, kina, na kama jana yake mvua ilinyesha. Kijiji kikiwa na daftari la miaka mitatu la namna hiyo, siku anakuja mtu na mradi wake wa kujenga ufukweni, mkutano mkuu una kitu cha kumwekea mezani.

Wewe ukitaka kusaidia usitume kifaa cha bei, tuma hela ya kamba na rangi, na waambie kamba kabla ya kuitia alama wailoweke usiku mzima na kuivuta vizuri, maana kamba mpya ikilowa inabadilika urefu na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.